Usichume koni za mti mfupi

Mvua zikishakatika huku Mufindi, vijana huanza kupita vitaluni na viroba vya koni za paini, yale matunda magumu yenye magamba yanayobeba mbegu. Wanauza kwa debe. Kwangu nako hufika, na kabla hatujazungumza bei huwa nawauliza wamechuma wapi. Jibu halibadiliki, mwaka nenda mwaka rudi: "Pale ukingoni kwa mzee fulani, mama. Miti yake mifupi, haisumbui kupanda, halafu imezaa kwelikweli."

Koni hizo sinunui, na leo nataka kueleza sababu kwa kirefu, maana wapo wanaodhani naringa.

Paini iliyosimama katikati ya shamba, ikabanwa na wenzake pande zote, matawi yake ya chini hukauka mapema na mti wote hukimbilia juu kutafuta mwanga. Kufika kileleni ni kazi ya kamba, mkanda na moyo, na ukifika unakuta koni chache. Ya ukingoni haina anayeiziba. Inatanuka, inaweka matawi mazito tangu usawa wa magoti, mara nyingi inagawanyika panda mita mbili kutoka chini, na kila tawi limebeba koni kwa mafungu. Mtoto wa darasa la tano anaipanda akiwa peku. Huko ndiko zinakotoka mbegu za vitalu vingi vya vijijini.

Kijiji kikichuma hivyo msimu baada ya msimu, kinapanda watoto wa miti mibovu, kisha watoto hao wakikua kinachuma tena kwa ule ulio mbovu kuliko wote. Bibi zangu hawakufanya hivyo kwenye mahindi. Gunzi la mbegu lilichaguliwa likiwa refu, limejaa punje mpaka nchani, likafungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya meko lipate moshi, na halikuguswa hata njaa ikiingia ndani. Magunzi madogo ndiyo yaliyoliwa. Kwenye paini tumegeuza mambo: mti ulionyooka tunaupasua mbao, uliopinda tunaufanya mzazi.

Wenzangu wa misitu watanikumbusha kwamba unene wa matawi ya mti wa ukingoni unatokana na mwanga kuliko damu. Ni kweli kabisa. Huenda ule mti mfupi, ungeotea katikati, ungekuwa mrefu na mnyoofu. Lakini mwanga unauficha mti. Ukisimama chini yake huwezi kujua kipi kimeletwa na nafasi na kipi umerithi kwa wazazi. Kugawanyika panda na kupinda kuna sehemu inayorithiwa. Katikati ya shamba, ambako miti yote imepata mwanga uleule, udongo uleule na palizi ileile, mti unaowazidi jirani zake wote kwa urefu na unyoofu una nafasi kubwa ya kuwa umerithi kitu. Bado ni dhana, ila ni dhana yenye mguu wa kusimamia.

Nilisoma cheti cha misitu Olmotonyi, Arusha, na kabla ya kuwa na kitalu changu nilifanya kazi ya mbegu kwa miaka kadhaa, kupanda miti na kusimamia wapandaji. Kule juu unajifunza mambo ambayo chini huyaoni. Patula, yaani ile paini yenye sindano ndefu zinazoning'inia tunayoijua wengi huku Nyanda za Juu Kusini, huweka koni zake za kike zaidi sehemu ya juu ya mti. Tangu chavua iingie mpaka koni ikomae hupita miaka miwili na zaidi, kwa hiyo kwenye tawi moja unakuta vijikoni vya mwaka huu, koni za kijani zenye umbo kamili, na za kahawia zilizokomaa, ngumu, zimefumba. Hazifunguki hovyo, zinaweza kukaa mtini miaka zikiwa zimefunga mbegu ndani, zikisubiri joto. Mchumaji mwenye haraka anazoa zote. Za kijani ukizianika zinasinyaa tu, na ukizilazimisha zikafunguka unapata mbegu nyeupe zisizo na kitu ndani. Iliyokomaa, ukianika kwenye turubai jua kali, inaanza kutoa mlio wa kupasuka, magamba yanafunguka, na mbegu nyeusi ndogo zenye ubawa mwembamba zinadondoka. Tunazisugua ndani ya kiroba kuondoa mabawa, kisha tunapepeta kwa ungo.

Sasa, kuchagua mti mzuri ni mwanzo tu. Mama umemchagua wewe, baba ameletwa na upepo. Chavua ya paini inasafiri mbali sana, na kama shamba lote limejaa miti iliyopinda, mama yako mnyoofu amezaa na hiyo hiyo. Umeokoa nusu ya damu. Ndiyo maana wafugaji wa miti (naomba niwaite hivyo, kazi yao ni ileile ya mfugaji wa ng'ombe wa maziwa) wanakwenda mbali zaidi. Wanapita mashamba makubwa kutafuta miti bora, mmoja hapa, mwingine kilomita kadhaa kule. Wanachukua vikonyo, yaani vipande vya matawi machanga, kutoka kilele cha kila mti na kuvibebesha kwenye miche michanga. Kikonyo kilichotoka mti mzima kinabaki na utu uzima wake ingawa kimekaa juu ya mche mdogo, kwa hiyo kinazaa koni mapema. Miche hiyo inapandwa kwa nafasi kubwa, nakala za mti mmoja zikitenganishwa zisioane zenyewe, na bustani nzima inawekwa mbali na paini za kawaida. Hapo baba na mama wote wamechaguliwa.

Wakati huohuo mbegu za kila mama zinapandwa kwenye majaribio, kila familia na mstari wake, na mistari hiyo inarudiwa tena na tena sehemu mbalimbali za shamba ili udongo mzuri wa bondeni usimpendelee mtu. Baada ya miaka mitano, minane, wanapima urefu, unene, unyoofu, matawi. Wapo akina mama waliokuwa warembo kumbe uzuri wao ulikuwa wa mbolea. Watoto wao wanawaumbua. Nakala zao zinang'olewa bustanini. Wanaobaki wanaoanishwa, kizazi cha pili kinaanza. Zimbabwe walianza kazi hii ya patula mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaifanya kwa uvumilivu mkubwa, na mbegu zao zilitafutwa na nchi nyingi. Afrika Kusini vilevile. Mtu mmoja hawezi kumaliza kazi ya aina hii. Anayeanza anajua kabisa kwamba mavuno yataonwa na wengine. Nawaheshimu mno watu hawa.

Mzee mmoja mteja wangu alikuja msimu uliopita. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka kitalu kizima mikono nyuma. Aliposikia bei akasimama.

"Binti yangu, paini ni paini. Udongo ndio unaokuza mti."

"Ni kweli baba, udongo unakuza. Ila hauwezi kunyoosha kilichozaliwa kimepinda. Twende nikuonyeshe kitu kwa baba yangu mdogo, siyo mbali."

Kwa baba mdogo, njia ya Sawala, kuna mashamba mawili yaliyotenganishwa na kijia cha miguu. La kwake na la mwalimu mmoja mstaafu. Yalipandwa msimu mmoja, mteremko mmoja, yote yalipaliliwa na kupogolewa vizuri. Baba mdogo ni mtu wa kazi, hana mchezo na shamba. Tofauti ni mbegu. Za baba mdogo zilitoka kwa vijana wa debe. Za mwalimu zilitoka kwenye bustani ya mbegu kupitia mradi mmoja wa wakulima wa miti. Ukisimama kwenye kijia ukatazama kulia, unaona hadi mwisho wa mstari, kama mita mia, mashina yamejipanga. Ukitazama kushoto jicho linagonga mti wa tatu. Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudia. Hakusema neno mpaka tulipokuta lundo la mabanzi upande wa kushoto, pale fundi wa dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishwa, alipopasua miti michache ya kujengea banda. Gogo lililopinda lina hesabu mbaya: ili upate ubao ulionyooka wa futi 12 lazima ukate mpindo pande zote mbili, na kinachobaki ni mabanzi na vumbi. Fundi anadai malipo yake kwa ubao, mpakiaji anadai ya kwake, na mwenye shamba anabaki na kuni. Mzee akaokota banzi moja nene karibu kama ubao wenyewe, akaligeuza, akauliza, "Hili lilikuwa liwe mbili kwa nne?" Nikamwambia ndiyo baba.

Hesabu ya mbegu yenyewe ni nyepesi mno, ndiyo inayonisikitisha. Kilo moja ya mbegu za patula ina mbegu zaidi ya laki moja. Tuseme umepoteza nusu kwa kutoota, kwa mnyauko na kwa kuchambua miche dhaifu. Umebaki na miche 50,000. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inachukua miche 1,111. Kilo hiyo imepanda hekta 45. Gawa bei ya mbegu, hata iwe mara tano ya ile ya debe, kwa hekta 45, kisha weka pembeni gharama ya kusafisha shamba, kuchimba mashimo, palizi za miaka mitatu, kupogolea, kupunguza, na barabara za moto. Mbegu ndiyo gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo huwezi kuirekebisha baadaye. Ukikosea palizi mwaka huu utapalilia mwakani. Mbegu ukiikosea unaishi nayo miaka 18.

Lipo jambo la pili, na hili hata wenye vitalu wenzangu wengi hawalifikirii. Kuna shule moja ina paini kubwa nzuri peke yake uwanjani, imenyooka kama mlingoti wa bendera. Watu huchuma hapo wakiamini wamepata mbegu bora. Mti uliosimama peke yake umejipa chavua wenyewe. Mbegu nyingi zinakuwa tupu. Ukizimwaga kwenye maji zinaelea. Zinazoota zinatoa miche mingi iliyodumaa, mingine myeupe isiyo na kijani kabisa, inayokufa ikimaliza akiba ya mbegu. Paini hazivumilii kuoana ndugu kwa ndugu. Na shamba lililopandwa kwa mbegu za mti mmoja, hata uwe mzuri namna gani, ni shamba la ndugu. Ukichuma humo kwa kizazi kijacho unashuka ngazi nyingine.

Hapa ndipo ubora na uhifadhi vinapokutana. Watu wanadhani kuboresha mti ni kuchagua mmoja ulio bora na kuurudufu. Ukifanya hivyo umemaliza. Kila kizazi cha uchaguzi kinapunguza aina za damu ulizonazo, na siku likija gonjwa jipya unahitaji kurudi kwenye damu pana kutafuta mwenye kinga. Kama ile pana imeshakatwa, huna pa kurudi.

Afrika Mashariki ililiona hili kwa macho. Kabla patula haijatawala, Kenya na Tanganyika zilipanda sana paini nyingine, Pinus radiata. Ilikua haraka, mbao zake nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ukaingia ukungu wa majani unaoitwa Dothistroma. Sindano zinapata mikanda myekundu, zinakufa, zinadondoka, mche unabaki kijiti. Upandaji wa radiata ukasimamishwa na patula, ambayo ukungu ule hauitishi, ikachukua nafasi. Watafiti waliingia kwenye mashamba yaliyougua kutafuta miti michache iliyobaki na kijani ili wazalishe aina yenye kinga. New Zealand waliendelea na kazi kama hiyo mpaka wakapata mbegu zenye ustahimilivu, huku wakinyunyiza dawa ya shaba kwa ndege. Sisi tulihama mti.

Na radiata yenyewe, ambayo leo imepandwa takribani hekta milioni 4 duniani, kwao kwa asili ipo sehemu tano tu: tatu pwani ya California na visiwa viwili vya Mexico, Cedros na Guadalupe. Huko Guadalupe mabaharia walishusha mbuzi karne ya 19. Mbuzi wakazaana, wakala kila mche uliochipua kwa zaidi ya miaka mia. Paini zikabaki wazee watupu, kama 220 hivi, kwenye ukingo wa mlima unaopata ukungu wa bahari, bila mtoto hata mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbuzi waliondolewa, na miche ikaanza kuchipua yenyewe. Ilibaki miaka michache tu ya bahati mbaya na ile damu ya Guadalupe ingetoweka kabisa porini.

Patula yetu nayo ina kwao. Ni misitu ya milima ya mashariki ya Mexico, kuanzia Tamaulipas kushuka Hidalgo, Puebla, Veracruz hadi Oaxaca na Chiapas, sehemu za juu zenye ukungu na baridi, ndiyo maana Mufindi imeiona kama nyumbani. Afrika Kusini iliipokea mwaka 1907, na mbegu nyingi za mwanzo zilizosambaa kusini na mashariki mwa Afrika zilipitia huko. Maana yake mashamba haya makubwa tunayojivunia yalianza na kikapu kidogo. Kule kwao misitu inaliwa na mashamba ya mahindi, malisho, moto na shoka, kama kwetu tu.

Mwaka 1980, Chuo Kikuu cha North Carolina State kule Raleigh, Marekani, kilianzisha ushirika unaoitwa Camcore. Makampuni na taasisi za misitu kutoka nchi mbalimbali zinachangia fedha, na watu wao wanapanda miti kwenye milima ya Mexico na Amerika ya Kati wakichuma koni, kila mama na mfuko wake, kila msitu na rekodi yake. Mbegu zinagawanywa kwa wanachama, wanazipanda kwenye majaribio na kwenye mashamba ya hifadhi mbali na kwao. Mti uliokatwa Guatemala unaweza leo kuwa na watoto Brazil, Colombia na Afrika Kusini. Mimi niliyepanda miti kwa kamba najua jasho lililo nyuma ya mfuko mmoja wenye namba, na nikisoma kazi zao nasisimka.

Faida ikaonekana. Mwaka 1990, kwenye kitalu kimoja cha Afrika Kusini, miche ya patula ilianza kufa kwa ukungu unaoitwa Fusarium circinatum. Mche unanyauka kuanzia kileleni, mizizi inaoza. Ulisambaa vitalu vingi, na patula ni miongoni mwa paini zinazoathirika vibaya. Kinga ilipatikana kwa ndugu yake, Pinus tecunumanii, paini ya Amerika ya Kati iliyopewa jina la Tecún Umán, shujaa wa Wak'iche' wa Guatemala. Na si tecunumanii yoyote: zile zinazotoka misitu ya chini, chini ya mita 1,500, ndizo zinazostahimili zaidi, za juu zaidi zinaumia. Kama wachumaji wa miaka ya 1980 wangechuma msitu mmoja wa karibu na barabara wakarudi nyumbani, nani angejua? Wakaoanisha patula na tecunumanii, chotara akapatikana anayevumilia ukungu na kukua haraka. Mbegu za chotara ni chache na ghali, kwa hiyo anazidishwa kwa vipandikizi vinavyooteshwa mizizi.

Tecunumanii ina udhaifu wake pia. Haipendi jalidi, na kilele chake huvunjika kwa upepo. Mtu wa Makete, kwenye baridi kali, asikimbilie tu kwa sababu amesikia inakua haraka. Huku kwetu majaribio yapo: Forestry Development Trust ya Iringa na wenzake wameshirikiana na Camcore kupanda aina na asili mbalimbali Nyanda za Juu, na programu ya Panda Miti Kibiashara, ya Tanzania na Finland, ilianzisha bustani za mbegu. Wakala wa Huduma za Misitu wanauza mbegu zenye rekodi. Nenda uulize, mbegu imetoka wapi, mama wangapi, kizazi gani. Muuzaji asiyeweza kujibu usimpe hela. Na tafadhali, usiingize mbegu wala vikonyo kwa mfukoni kutoka nje. Fusarium husafiri na mbegu. Wale wadudu wadogo wa paini wanaojifunika sufu nyeupe, waliobainika Kenya na Zimbabwe mwaka 1968, inaaminika walikuja na vikonyo vya kubebesha kutoka Australia, vilivyoletwa na wafugaji wa miti wenyewe kwa nia njema.

Niseme na hili, kwa kuwa naipenda patula. Mlima Mulanje, Malawi, una mti wake usioota kwa asili popote pengine duniani, mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa wa Malawi. Umekatwa mpaka karibu kwisha. Patula ilipelekwa kule juu kama mlezi wa kuukinga mwerezi ukiwa mchanga, ikageuka mvamizi, ikazaa yenyewe kila mahali. Mti wa thamani ukiwa mahali pasipo pake unaua wenye thamani zaidi. Kwa hiyo kitaluni kwangu mtu akisema anataka paini za kupanda kwenye msitu wa asili au kwenye chemchemi, simuuzii. Podo zetu za asili na miti ya vyanzo vya maji ina kazi yake.

Kuna jambo moja la kasi ambalo linaniudhi. Mbegu bora inafanya mti unenepe mapema, na mwenye shamba akiona unene wa kutosha mbao mwaka wa nane anaita dingdong. Ubao wa mti mchanga ni mwepesi na unajikunja ukikauka. Fundi wa paa anaujua akiutazama tu. Waliotaabika vizazi viwili kuchagua mti bora walikusudia uufikishe umri. Nakuomba, pogolea, punguza, subiri.

Na asiyeweza kupata mbegu za bustani, achume vipi? Tafuta shamba lililofika miaka 15 na zaidi, lililo zuri kwa ujumla, kwa sababu ya wale akina baba wa upepo. Ingia ndani, acha ukingo. Chagua miti isiyopungua 25 hadi 30, iliyopishana kama mita 50 au zaidi ili usiokote ndugu. Kila mti chuma kiasi kinachofanana, hata kama mmoja umezaa kupita wote. Tamaa ya koni ndiyo inayoleta mbegu za mama mmoja kwa mlango wa nyuma. Kausha vizuri, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa mahali pa baridi, zitakaa miaka. Ukisia, changanya kwenye viriba udongo kidogo kutoka chini ya paini zilizokomaa. Una kuvu wanaoshika mizizi na kuulisha mche. Bila hao miche inakuwa ya njano na utalaumu mbegu bure.

Kinachonihangaisha sasa hivi ni mashamba ya zamani. Yapo maeneo yaliyopandwa na watafiti wa wakati huo, asili mbalimbali za paini, vibao vimeoza, rekodi zimepotea, na mwenye eneo wa leo anaona mbao tu. Likikatwa bila mtu kuchukua vikonyo na mbegu, imeondoka damu iliyovuka bahari kwa gharama kubwa. Kuna shamba moja la paini kuukuu nyuma ya parokia moja, mashina ambayo watu wawili hawayakumbatii, yamenyooka mpaka shingo inauma kutazama. Wenyewe wanataka kuvuna, na wana haki, wana jengo la kumalizia. Nimewaomba waache miti 30 niliyoitia rangi nyekundu hadi koni zikauke, nao wamenikubalia msimu huu mmoja. Nahitaji wapandaji wawili wanaojua kamba na wenye mikanda mizima, na mtu wa misitu wa kuja kuangalia kama vikonyo vyake vinafaa kwa bustani. Kama una shamba la aina hiyo kwenu, au unajua lilipo, andika kijiji na wilaya hapo chini kabla dingdong haijafika.